Josiah Tapscott Anaiacha Kona Yake

Baada ya miaka thelathini na saba ya kunong'ona, Bwana Josiah Tapscott, mkumbushaji wetu hapa Ukumbi wa Silverdale, anastaafu leo, Jumamosi tarehe 30 Juni 1888. Onyesho la alasiri hii ni kwa heshima yake. Wenye ukumbi wameniomba mimi, Martha Gadsby, ambaye mmezoea kuniona nikiigiza mabibi vizee wenye gubu, niandike wasifu wake katika kijitabu hiki. Walitaka uwe mfupi na wa kuchangamsha. Nitajitahidi katika hilo la pili, ingawa siahidi mpaka mwisho.

Nyinyi mnaokaa mbele ya pazia hamumjui, na hiyo ndiyo sifa yake kubwa. Mkumbushaji hukaa pembeni mwa jukwaa, mkono wa kushoto, nyuma ya kitambaa, kitabu cha mchezo kikiwa wazi mbele yake. Mwigizaji akisahau, yeye humtupia neno. Akifanya kazi yake vizuri, mtazamaji anarudi nyumbani akisifu kumbukumbu ya mwigizaji. Akikosea kidogo tu, anasikika, na ukumbi mzima unacheka. Kwa miaka yote hiyo Bwana Tapscott hakusikika hata mara moja. Mnong'ono wake ulitoka pale kwenye kona, ukaenda kwenye sikio moja lililouhitaji, ukaishia hapo.

Alikuja Silverdale kijana mwembamba, mwandiko mzuri, ameajiriwa kunakili maneno ya waigizaji. Mkumbushaji wa wakati ule akashikwa na kikohozi, na mkumbushaji mwenye kikohozi hana faida kwa mtu. Kijana akaambiwa akae pale kwa wiki moja. Hajainuka tangu siku hiyo. Aliacha kula vitunguu, kwa sababu waigizaji humwinamia karibu wakisubiri zamu zao, na sijui mwanaume mwingine London aliyejinyima vitunguu kwa ajili ya sanaa. Pombe hakuwahi kuigusa. Chai yake ilikuwa nyeusi kama buti, na kila Jumapili alisimama mlangoni mwa kanisa lake dogo la mtaani, kanisa la watu wasioonja kileo, akiwapa mkono wanaoingia. Naomba mkumbuke habari hiyo ya kileo. Nitairudia.

Visa vyake ni vingi. Horace Blandy, ambaye mnamjua kwa sauti yake nene na tumbo linalomtangulia, alikuwa na tabia ya kumlaumu Josiah kila aliposahau. Siku moja, katikati ya mchezo, alikwama, akasogea mpaka kwenye kona na kufoka kwa meno yaliyofungwa:

"Tapscott, umelala? Nipe neno! Nimeshaanza ile hotuba ya mfalme!"

"Hotuba hiyo ni ya mchezo tuliouzika Krismasi, Bwana Blandy," Josiah akamjibu, bila kuinua macho kitabuni. "Leo wewe si mfalme. Wewe ni marehemu. Ulitakiwa uwe umekufa tangu ukurasa uliopita."

Blandy akarudi katikati ya jukwaa, akafa palepale, na magazeti yakasifu jinsi kifo chake kilivyokuja ghafla. Mimi mwenyewe Josiah ameniokoa mara nyingi kuliko ninavyopenda kuchapisha.

Lakini kama kuna nyumba iliyomfaidi kuliko zote, ni nyumba ya Venning. Bi Augusta Venning hahitaji kutambulishwa. Picha zake zinauzwa madirishani mwa maduka kuanzia hapa mpaka Edinburgh. Mwaka fulani vijana wa chuo walifungua farasi kwenye gari lake wakalivuta wenyewe mpaka hotelini, wakiimba jina lake. Vijana hao hao wasingemruhusu akae meza moja na dada zao. Sisi watu wa jukwaa tumezoea. Mikono inayotupigia makofi ndiyo inayotufungia mlango.

Mumewe, Lionel Venning, alifariki mtoto wao Edmund akiwa bado hajaota meno ya mbele. Bi Augusta alikuwa jukwaani kila siku, kwa hiyo mtoto alilelewa kwenye kona. Josiah alimwekea kigoda chini ya meza ya kitabu, akamfundisha kusoma kwa kutumia michezo yetu. Matokeo yake Teddy, ndivyo tulivyomwita, alikuwa akiingia chumbani anatangaza kwanza: "Edmund anaingia kutoka kushoto, ana njaa." Tulicheka mpaka mbavu zikauma.

Alipopewa sehemu yake ya kwanza, kitoto cha kichawi katika mchezo wa Krismasi, alikuwa na sentensi moja, naye aliogopa kuisahau. Josiah alimshika mabega. Nilikuwa nimesimama karibu nao, nikasikia.

"Sikiliza, Teddy. Ukikwama usinitazame. Sikio kwangu, macho kwa watu. Ukigeuka tu, wote watajua."

"Na nisipokusikia, Mjomba?"

"Utanisikia."

Alikwama, bila shaka. Akasikia, akasema sentensi yake, na shingo haikugeuka hata kidogo. Josiah alitembea kifua mbele wiki nzima, utadhani yeye ndiye aliyezaa.

Kisha ikaja shule. Teddy alirudi siku moja mdomo umepasuka. Wenzake walikuwa wamemzunguka uwanjani wakimwimbia: "Mama yako anajipaka rangi! Mama yako anajionyesha kwa wanaume kwa shilingi!" Bi Augusta alimwosha damu, akamhamishia shule nyingine kwa jina alilokuwa nalo yeye kabla ya kuolewa, Marsh. Akamwambia mbele yetu, akitabasamu tabasamu lake lile la madirishani:

"Wakikuuliza, sema mama alifariki. Ni uongo mdogo tu, mwanangu. Mimi hufa kila Jumamosi."

Tulicheka tena. Leo najiuliza tulikuwa tunacheka nini. Kijana wa watu alifundishwa kutuonea aibu, na waliomfundisha ni sisi, tena kwa mzaha. Josiah peke yake hakucheka. Alifunga kitabu akaenda kutengeneza chai.

Edmund Marsh akawa wakili. Wakili mzuri, nasikia, mwenye sauti inayofika nyuma ya chumba bila kupazwa, na hatuulizi aliipata wapi. Mwaka huu akapata mchumba, Bi Cecily Harbottle, binti wa Kanoni Harbottle, kasisi mkubwa ambaye hajawahi kukanyaga ukumbi wa michezo na anaona hiyo ni fadhila. Edmund akaja chumba cha mavazi kumweleza mama yake. Alikaa ukingoni mwa kiti, kofia mapajani, kama mtu aliyekuja kuulizia nyumba ya kupanga.

"Mama, wao wanajua umekufa."

"Basi nitakuja kama mzimu," Bi Augusta akasema. "Nitavaa shela nzito, nitakaa nyuma ya nguzo. Mizimu haili keki, hamtapata hasara."

"Uje peke yako, nakuomba. Wale wengine wasije."

Wale wengine ndio sisi. Na sisi, kwa kuwa hatuna haya wala akili, Aprili ilipofika tukaenda harusini. Tulijitawanya kanisani mmoja mmoja, kila mtu kajivika heshima kutoka kabati la mavazi. Blandy alikuwa na medali za vita ambavyo havikuwahi kupiganwa. Mimi nilivaa gauni la mke wa mtawala kutoka mchezo wetu mmoja, na kofia yenye manyoya ya mbuni yaliyomzuia mama mmoja nyuma yangu kuona chochote. Tuliona tumefaulu sana. Ukitaka kujua ukweli, tulikuwa tunang'aa kuliko upande wa bibi harusi wote ukiwekwa pamoja. Aliyevaa nguo zake mwenyewe ni Josiah, ile suti nyeusi ya Jumapili. Alikaa benchi la katikati, mikono magotini.

Kanoni mwenyewe ndiye aliyewafungisha. Akamtamkia Edmund maneno ya kiapo, kipande kwa kipande, naye akawa anayafuata vizuri. Kisha Edmund akainua macho kidogo, na pale ubavuni, kando ya nguzo iliyo karibu na madhabahu, akaona shela nyeusi ikitetemeka. Mama yake alikuwa analia. Kanoni akasema kipande kilichofuata. Edmund kimya. Kanoni akakisema tena. Kimya.

Mtu wa kawaida huona kimya kama hicho ni cha harusi tu, bwana harusi kazidiwa na furaha. Sisi tunakijua. Kina uzito wake. Kila mwigizaji kanisani humo alibana pumzi, na mdomo wa Josiah ukafunguka kabla akili yake haijamzuia. Akamtupia neno.

Angekuwa Silverdale, kwenye mbao na mapazia, neno lile lingekwenda kwenye sikio moja. Kanisa ni la mawe. Mnong'ono ulipanda mpaka darini, ukazunguka, ukarudi chini ukiwa umekua. Kila mtu aliusikia. Vichwa vyote viligeuka nyuma. Edmund peke yake hakugeuka. Aliupokea, akatamka kipande chake chote, sauti safi, macho mbele. Ndipo Kanoni akasimamisha ibada.

"Ni nani huyo anayesema kanisani mwangu?"

Kanoni akamtazama bwana harusi. "Edmund, unamjua mtu yule?"

Na Edmund, mgongo wake ukiwa kwetu bado, akasema: "Simjui, mheshimiwa. Atakuwa mlevi ameingia kutoka barabarani."

Miaka thelathini na saba Bwana Tapscott hakuwahi kutoka mbele ya watu. Hakuwahi kuigiza hata mtumishi wa kubeba sinia. Siku ile aliinuka kwenye benchi, akapepesuka. Akashika bega la mzee mmoja, akalikosa, akalishika tena. Tai yake ilikuwa imekwenda upande, na sikuona ameivuta saa ngapi.

"Samahanini, wakubwa," akasema kwa ulimi mzito. "Nilidhani huu ni mlango wa baa. Mbona hamna bia?"

Watu wakaguna. Mlinzi wa kanisa akaja na fimbo yake, akamkamata ukosi, akamsukuma kwenye njia ya katikati huku Josiah akimwita "kaka yangu" na kuomba aimbiwe. Mwanaume asiyewahi kuonja tone alilewa mbele ya macho yetu mpaka magoti. Nimeigiza na waliosifiwa kote katika nchi hii, na sijaona kazi safi kama ile. Ilikuwa safi kiasi kwamba kila mtu aliamini, na mtoto aliyemlea akapata mke.

Sasa niseme sisi tulifanya nini. Tulikuwa tisa, watu tunaolipwa kusimama na kusema mbele ya watu. Hakuna aliyesimama, hakuna aliyesema. Blandy alikuwa anasoma kitabu cha nyimbo kilichopinduliwa juu chini. Bi Augusta alikuwa ameuma kidole cha glavu nyuma ya nguzo yake. Kofia ya Josiah ilikuwa imeanguka karibu na benchi langu, na mimi, Martha Gadsby, niliisukuma kwa mguu ikaingia chini, watu wasije wakadhani amekuja nasi. Niliisukuma kwa ncha ya kiatu cha kuazima. Kesho yake nilirudi kuitafuta, sikuikuta. Nimeandika sentensi hizi mara nyingi nikazifuta, maana uso unawaka kila nikizifikia.

Jumatatu alikuja kazini kwa wakati wake. Bi Augusta alimfuata kwenye kona akiwa na rangi nusu ya uso.

"Josiah, nitukane basi. Sema lolote."

"Mtoto kaoa, mama," Josiah akasema. "Tuwashe taa."

Jioni hiyo hiyo akawaarifu wenye ukumbi kwamba ataondoka mwisho wa msimu. Walipomuuliza sababu alisema mkumbushaji akishasikika, kazi yake imekwisha. Wakadhani anatania.

Habari za mlevi wa harusi zilitembea. Zikafika, pamoja na jina lake, kwenye kanisa lake dogo. Wazee wakamwita, wakamuuliza kama ni kweli alitolewa nyumba ya Mungu kwa ulevi.

"Nilitolewa, ndiyo," akasema, na hakuongeza neno.

Wakamwondoa mlangoni. Amekuwa akikaa benchi la mwisho, na wale aliowapa mkono miaka yote wanapita wakitazama viatu vyao. Sisi tuliyajua hayo kupitia barua ya dada yake. Bi Augusta alitaka kwenda kwa wazee kueleza, Josiah akamkataza: "Ukieleza, utamtaja Teddy. Mwache." Nasi tukamtii upesi sana. Siku nyingine zote Josiah akituambia tusome maneno yetu mapema hatumtii. Hiyo moja tulimtii kwa sababu ilitufaa. Tulitikisa vichwa, tukasema masikini, tukaendelea na mazoezi.

Haya yangezikwa hapo, na mimi ningewaandikia wasifu mzuri wa kurasa mbili wenye vitunguu na Blandy. Lakini mapema mwezi huu nilikuwa nashona manyoya yangu chumba cha mavazi, mlango ukagongwa, akaingia Bi Cecily Harbottle, sasa Bi Marsh, amemshika mumewe kwenye mkono wa koti kama mtu anayempeleka mtoto kung'olewa jino.

"Wewe ndiye uliyekuwa na ile kofia," akaniambia. "Mama mdogo hakuona harusi yangu hata kidogo. Huyu hapa ameshaniambia yote, nilimbana."

Nikamuuliza alijuaje.

"Kanisa zima liligeuka," akasema. "Mimi niligeuka, baba aliinua kichwa, hata mpiga kinanda aligeuka. Mume wangu hakugeuka. Mlevi anapiga kelele nyuma yako, unaachaje kugeuka? Nimelifikiria hilo tangu Aprili. Nikamwambia, Edmund, wewe sauti ile unaijua."

Edmund alikuwa anatazama sakafu. Alikuwa mwekundu mpaka masikioni, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi nilimwona Teddy.

"Bi Martha, nasikia unaandika habari za Mjomba," akasema. "Andika na hii. Yote, na jina langu. Jina langu lenyewe."

"Watu watakusema, Teddy. Mahakamani, klabuni."

"Wamemsema yeye tangu majira ya kuchipua."

"Na baba mkwe wako?"

Cecily ndiye aliyejibu. "Baba amenuna. Lakini atakuja Jumamosi, nimeshamkatia tiketi. Kama ni kununa, akanunie mbele."

Baadaye Edmund alikwenda kwa mama yake kuomba kiti. Walikaa ndani muda mrefu, na mimi nisiyeona haya kusikiliza milangoni siku hiyo niliona haya, nikaondoka. Nilichoambiwa ni kwamba alipotaka kukaa viti vya mbele ili amwombe Mjomba radhi hadharani, Bi Augusta alimkatalia. "Viti vya mbele bado hatujavistahili, mimi na wewe. Kaa alipokaa yeye miaka yote, kwenye kona. Kaa usionekane, ujue kukoje."

Kwa hiyo wapendwa watazamaji, mnapomaliza kusoma hapa, mjue haya. Bwana Josiah Tapscott hajawahi kulewa. Aliigiza mara moja tu maishani, bila malipo, na aliigiza kwa ajili ya Edmund Venning, mtoto wa Lionel na Augusta Venning, aliyelelewa kwenye kona ya ukumbi huu. Kijitabu hiki nitakipeleka mwenyewe kwa wazee wa kanisa lake kesho asubuhi, nikiwa nimevaa nguo zangu.

Josiah, uliniomba nisiandike habari za Aprili, na sikukutii. Ninunie kadiri utakavyo. Tumekununulia kofia, nyeusi, ya kipimo chako. Tunajua haitoshi. Asante kwa kila neno ulilotupa tukajifanya ni letu. Nenda Whitstable, kule pwani, kwa dada yako, ulale mapema, ule vitunguu asubuhi, mchana na jioni, na tunakuombea maisha marefu yenye watu wa kukupa mkono mlangoni.

Umetuambia hutatoka mbele ya pazia leo, kwamba mara ya mwisho watu walipokusikia uliharibu. Hukuharibu wewe. Toka. Utasimama pale, utatafuta neno la kuwashukuru, litakupotea, hilo linatupata sote. Lakini kitabu kitakuwa wazi kwenye kona, na aliyekaa kwenye kiti chako umemfundisha kazi mwenyewe. Amekuja kukuomba radhi, anasubiri zamu.

Ukikwama, usigeuke. Sikio kwake, macho kwetu.